TWALIPA PEKE YETU, TENA TWALIPA MARA MBILI

Ndugu Wafanyakazi,

Mwezi umekwisha na kila mmoja wetu ameshika karatasi yake ya mshahara. Tunawaomba msiitie mfukoni upesi. Itazameni mstari kwa mstari. Mtaona kodi ya Serikali. Mtaona pesa za uzeeni za NSSF. Mtaona ada ya nyumba. Mtaona na pesa za matibabu, zile ziitwazo SHIF, ambazo hupelekwa kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA.

Sasa sikilizeni. Katika pesa za NSSF mfanyakazi hukatwa 6 kwa mia, na tajiri naye hutoa 6 kwa mia, kwa kipimo kilichowekwa na sheria. Katika ada ya nyumba mfanyakazi hukatwa 1.5 kwa mia, na tajiri naye hutoa 1.5 kwa mia. Katika matibabu mfanyakazi hukatwa 2.75 kwa mia ya mshahara wake wote, na tajiri hatoi hata senti moja. Yeye kazi yake ni kukata na kupeleka tu, kama tarishi.

Jambo hili twataka kulisema leo bila kumung'unya maneno. Mfanyakazi wa Kenya analipia ugonjwa wake peke yake. Na akisha kulipa, akifika hospitali anatakiwa kulipa mara ya pili. Mambo haya mawili hayawezi kuendelea, na Chama hakitayanyamazia.

TULIKOTOKA

Wazee wetu walipopata Uhuru mwaka 1963 waliambiwa kwamba nchi ina maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka 1965 Serikali iliondoa ada ya wagonjwa wa nje katika hospitali zake. Mwaka 1966 Bunge likapitisha sheria ya bima ya hospitali, ile iliyojulikana kwa jina la NHIF. Waliopata zaidi ya Shs. 1,000/- kwa mwezi walitakiwa kutoa Shs. 20/- kila mwezi. Siku hizo mtu wa kupakua mizigo bandarini au mchuma chai wa Kericho hakuota mshahara wa Shs. 1,000/-. Kwa hiyo mchango ulikuwa juu ya wakubwa, na mtu mdogo alitibiwa kwa kodi ya nchi.

Baadaye mambo yakageuka. Katika miaka ya 1980 Serikali ilielemewa na madeni, na wakopeshaji wa ng'ambo, Benki ya Dunia na wenzake, wakasema wagonjwa nao wachangie. Desemba 1989 ada zikarudishwa hospitalini kwa jina la kuchangia gharama. Watu wengi wakaacha kwenda kutibiwa, na mwaka 1990 Serikali ikaziondoa kwa muda, kisha ikazirudisha kidogo kidogo. Mwaka 2004 ada katika zahanati ikawekwa kuwa Shs. 10/- na katika kituo cha afya Shs. 20/-. Mwaka 2013 ada hizo nazo zikafutwa. Mwaka 2015 michango ya NHIF ikapandishwa, ikawa kutoka Shs. 150/- hadi Shs. 1,700/- kwa mwezi. Mwezi wa Oktoba 2023 Rais William Ruto akatia sahihi sheria mpya ya bima ya afya ya jamii. Mwezi wa Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo haipatani na Katiba, lakini Mahakama ya Rufani ikaruhusu kazi iendelee, na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikafungwa na SHA ikaanza.

Huo ndio mwendo wa miaka sitini. Ada imeondolewa, imerudishwa, imebadilishwa jina. Lakini kila mara hazina ilipokauka, mfuko wa kwanza kupekuliwa ulikuwa wa mfanyakazi.

TUSEME HAKI

Chama hakiwezi kuwadanganya wanachama wake. Wako watu wanaosema kwamba kila mtu sasa anakatwa zaidi kuliko zamani. Si kweli, na ni vizuri mjue hesabu yenyewe ili mkibishana na mtu msishindwe.

Mshahara wa Shs. 15,000/-: zamani Shs. 600/-, sasa Shs. 412/50.
Mshahara wa Shs. 20,000/-: zamani Shs. 750/-, sasa Shs. 550/-.
Mshahara wa Shs. 30,000/-: zamani Shs. 900/-, sasa Shs. 825/-.
Mshahara wa Shs. 40,000/-: zamani Shs. 1,000/-, sasa Shs. 1,100/-.
Mshahara wa Shs. 50,000/-: zamani Shs. 1,200/-, sasa Shs. 1,375/-.
Mshahara wa Shs. 100,000/-: zamani Shs. 1,700/-, sasa Shs. 2,750/-.

Kwa hiyo mwenye mshahara mdogo amepunguziwa, na kuanzia Shs. 35,000/- kwenda juu mtu ameongezewa. Tena tangu mwisho wa Desemba 2024 pesa hizi hutolewa kwanza kabla ya kodi ya mshahara kuhesabiwa, na hilo limesaidia kidogo. Sisi watu wa chama hatupingi kanuni ya kwamba mwenye kingi atoe kingi. Hiyo ndiyo kanuni yetu tangu chama kilipozaliwa. Mwenye nguvu hubeba upande mzito wa gogo.

Basi tukiulizwa, "Ikiwa wengi wenu mmepunguziwa, kelele za nini?" twajibu hivi. Kelele yetu ya kwanza ni kwamba katika gogo hili aliye na nguvu kuliko wote, yaani tajiri, amesimama kando na mikono mfukoni. Kelele yetu ya pili ni kwamba pesa hizi tunazotoa hatuoni zinanunua nini. Bei kubwa si ile tu iliyoandikwa juu ya karatasi. Ukinunua shati kwa Shs. 300/- likapasuka siku ya pili, umenunua ghali kuliko aliyetoa Shs. 600/- akalivaa mwaka mzima.

KULIPA MARA YA PILI

Kila mwanachama anayajua haya, nasi twayaandika ili wakubwa nao wayasome.

Mfanyakazi anampeleka mtoto hospitali. Amekatwa mwezi uliopita, amekatwa na mwezi huu. Anafika dirishani, anaweka kidole kwenye mtambo. Anaambiwa mtambo haufanyi kazi, atoe pesa taslimu au angoje. Mtoto ana homa kali. Atangoja nini? Anatoa pesa.

Mwingine mtambo unafanya kazi, lakini karani anamwambia hospitali yenyewe haijalipwa na SHA kwa miezi kadhaa, kwa hiyo aweke amana kwanza. Mwingine anaonwa na daktari vizuri, kisha anapewa karatasi na kuambiwa dawa hakuna, akanunue duka la dawa nje ya lango. Mwingine anaambiwa jina lake halionekani kuwa limelipiwa. Akirudi kazini kuuliza, anakuta kwamba tajiri alimkata lakini pesa hakuzipeleka.

Huyu wa mwisho tutamrudia. Kwanza tufanye hesabu ya yule wa dawa. Mtu wa mshahara wa Shs. 20,000/- akinunua dawa za Shs. 2,000/- nje ya lango, ametoa zaidi ya michango ya miezi mitatu na nusu kwa siku moja. Pesa hizo zilikuwa za kodi ya nyumba, au karo, au unga. Akizikopa, atalipa na riba juu yake. Kwa hiyo watu wanafanya nini? Wananyamaza na ugonjwa. Wanakunywa vidonge vya maumivu, wanaingia zamu, mpaka siku ya kuanguka.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, na kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema kwamba kuwazuilia kina mama hospitalini baada ya kujifungua kwa sababu hawana pesa za kulipa ni kuvunja haki zao. Hizo ni sheria nzuri. Lakini sheria haiponyi malaria ikiwa rafu za dawa ni tupu.

PESA ZINAKWENDA WAPI

Mtu akitoa pesa ana haki ya kuuliza habari zake. Nasi twauliza.

NHIF ilipofungwa iliacha madeni ya zaidi ya Shilingi bilioni 30 kwa hospitali za nchi. Pesa zilikatwa kwetu kila mwezi bila kukosa, lakini wauguzi wetu hawakulipwa. Mwezi wa Februari 2025 hospitali nyingi za watu binafsi zilisimamisha kutibu kwa bima hii kwa sababu ya madeni. Mwezi wa Machi 2025 Rais aliagiza kwamba hospitali zinazodai Shilingi milioni 10 au chini yake zilipwe zote, na madeni makubwa zaidi yachunguzwe kwanza. Wakati wakubwa wakihesabu, aliyekuwa kitandani ni mfanyakazi.

Mwaka huo huo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Bibi Nancy Gathungu, alitoa taarifa juu ya mitambo ya kuandikisha watu na kulipa hospitali. Gharama yake ni Shilingi bilioni 104.8, na taarifa ilisema mitambo hiyo si mali ya Serikali. Yaani sisi twajenga nyumba, na hati ya shamba ina jina la mwingine. Na mtambo wenyewe ndio huo ambao dirishani tunaambiwa haufanyi kazi.

Tena kuna wezi. Mwezi wa Agosti 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali nyingi kwa kudai pesa za uongo. Mgonjwa wa uongo hulazwa katika kitanda cha uongo, hupewa dawa ya uongo, lakini pesa zinazotoka ni za kweli, na zimetoka katika jasho la watu wa kweli. Twaunga mkono kukamatwa kwa wezi hawa. Lakini twasema pia kwamba hakuna mwizi wa hospitali anayeweza kula peke yake bila karani wa ndani wa kumfungulia mlango. Akikamatwa anayedai, akamatwe na anayelipa.

SHILINGI MOJA IFANYE KAZI YA SHILINGI MOJA

Wataalamu wanasema matibabu yanazidi kuwa ghali ulimwenguni kote. Ni kweli. Mitambo mipya ni ghali, dawa mpya ni ghali, na magonjwa ya siku hizi, kama vile sukari, shinikizo la damu na saratani, ni ya muda mrefu. Lakini kuna ughali usioepukika na kuna ughali wa kupenda.

Tuchukue mfano mmoja. Mtu ambaye figo zake zimeharibika husafishwa damu kwa mtambo mara mbili kwa juma. Bei ambayo Serikali iliitangaza mwaka 2024 kwa kila safari ni Shs. 10,650/-. Mara mbili kwa juma ni Shs. 21,300/-. Kwa majuma 52 ni Shs. 1,107,600/-. Mfanyakazi wa mshahara wa Shs. 20,000/- hutoa Shs. 6,600/- kwa mwaka. Basi kumsafisha damu mgonjwa mmoja kwa mwaka mmoja hutaka michango ya wafanyakazi 168 kama huyo, na wote 168 wasiugue hata mafua.

Hatusemi mgonjwa huyo aachwe. Hata kidogo. Ni mwenzetu, na kama bima haimsaidii yeye itamsaidia nani? Tunasema hivi: katika mambo yanayoharibu figo za watu wazima, makubwa ni sukari na shinikizo la damu. Magonjwa hayo mawili hujulikana kwa kupimwa katika zahanati yoyote iliyo na kifaa cha kupimia na muuguzi mmoja. Na yakijulikana mapema hutulizwa kwa vidonge vya kila siku ambavyo vingi ni vya zamani, vinatengenezwa na viwanda vingi, na bei yake ni ndogo. Sheria mpya yenyewe inasema mtu aliyejiandikisha atibiwe bure katika zahanati na kituo cha afya, kwa pesa za kodi. Lakini zahanati ikikosa vidonge vya mwezi huu na mwezi ujao, mgonjwa huacha kumeza, na baada ya miaka anatufikia kwenye mtambo wa figo. Hapo tumekataa kutoa senti, tukaja kutoa elfu.

Vivyo hivyo kwa dawa. Dawa moja huweza kuuzwa kwa jina la kiwanda kilichoitunga, au kwa jina lake la kawaida baada ya hati ya kiwanda kwisha muda. Kazi ni ile ile, bei ni mbalimbali sana. Nchi inayo KEMSA, shirika lake la kununua dawa kwa jumla, ili bei ishuke. Serikali za kaunti zikikawia kuilipa KEMSA, dawa haziji, na hospitali hununua rejareja kwa bei ya mtaani. Anayelipa tofauti hiyo ni wewe.

Kwa hiyo mtu akituambia dawa ya ughali ni kupandisha mchango kutoka 2.75 hadi kiwango kingine, tutamwambia azibe kwanza matundu ya ndoo kabla ya kutuagiza maji zaidi. Na Serikali nayo isijifiche nyuma ya michango yetu. Mwezi wa Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga 15 kwa mia ya matumizi ya serikali zao kwa afya. Hadi leo Kenya haijakifikia kiwango hicho.

MANENO YA WAAJIRI NA MAJIBU YETU

Tumekwisha kuyasikia majibu ya waajiri, na tutayachukua moja moja.

Wanasema: "Gharama ikiongezwa tutapunguza watu." Twajibu: kwa mfanyakazi wa Shs. 20,000/-, tajiri akitoa sawa naye atatoa Shs. 550/- kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi, hiyo haifiki Shs. 22/- kwa siku. Kiwanda ambacho kitafungwa kwa Shs. 22/- kilikuwa kimekwisha kufungwa siku nyingi. Tena mfanyakazi mgonjwa naye ni gharama. Mashine husimama, zamu hukosa mtu, kazi hurudiwa. Waajiri huhesabu mafuta ya mashine na vipuri vyake, lakini mtu wanamwona kama chombo kisichochakaa.

Wanasema: "Sisi tunayo bima ya kampuni binafsi." Twajibu: mnayo kwa nani? Mara nyingi ni kwa walio ofisini. Aliye penye tanuri, aliye shambani kwenye dawa za kunyunyizia, mfagiaji na mlinzi wa usiku hawamo. Na hata aliyemo, siku anapoachishwa kazi kadi ile hufa hapo hapo.

Wanasema: "Sheria haitutaki tutoe." Twajibu: Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 34, inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anapata dawa za kutosha akiugua, na ikiwezekana auguzwe anapougua sana. Sheria hiyo haijafutwa. Tena sheria ni sakafu, wala si dari. Hakuna sheria inayomkataza tajiri kukubali katika mapatano na Chama atoe nusu yake. Na likiandikwa katika mapatano na kusajiliwa mahakamani, halitakuwa tena jambo la hisani.

Wanasema: "Jambo hili haliwezekani katika nchi zetu maskini." Twajibu: tazameni jirani. Tanzania ilipoanza bima yake ya afya kwa watumishi wa serikali mwaka 2001, mtumishi alikatwa 3 kwa mia, na mwajiri akatoa 3 kwa mia. Nayo haikuwa nchi tajiri kuliko yetu.

AJALI ZA KAZINI

Hapa pana ujanja ambao kila mjumbe wa Chama yampasa aujue. Mtu akikatwa kidole na mashine, au akianguka kutoka ghorofani, au akichomwa na dawa, msimamizi humwambia, "Nenda na kadi yako ya SHA." Msikubali. Sheria ya Fidia ya Ajali za Kazini ya mwaka 2007, ile tuiitayo WIBA, inasema mwajiri ndiye mwenye kulipa gharama za matibabu ya ajali hiyo, na usafiri wa kumpeleka aliyeumia, na fidia juu yake. Inamtaka pia awe amekata bima ya ajali, na atoe habari kwa Mkurugenzi katika siku 7 baada ya kuarifiwa.

Ajali ya kiwandani ikilipwa kwa pesa za SHA, tajiri ametufanyia mambo mawili kwa pamoja. Ameacha kutoa mchango, kisha ametumia michango yetu kulipa deni lake. Tena ajali isipoandikwa kuwa ajali ya kazi, fidia nayo hupotea.

VIBARUA

Nao vibarua tusiwasahau, kwani wengi ni ndugu zetu waliokaa lango lile lile miaka mitano wakiitwa "wa leo". Kwa kuwa hawana karatasi ya mshahara, wanahesabiwa kama watu wa kujitegemea: wanapimwa mapato ya nyumba zao, na hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima mara moja. Kiwango cha chini ni Shs. 300/- kwa mwezi, yaani Shs. 3,600/- kwa mwaka. Mtu wa kulipwa kila jioni atazitoa wapi kwa siku moja?

Lakini Sheria ya Kazi, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa mwezi. Basi wengi wao si vibarua kwa sheria, ni vibarua kwa hila. Wakiandikwa kwa haki, watapata karatasi ya mshahara, watakatwa kidogo kidogo kama sisi, na familia zao zitaingia katika bima. Kuwatetea wao ni kujitetea sisi wenyewe, maana tajiri huwatumia wao kututishia.

TWADAI HAYA

1. Bunge libadilishe sheria ili mwajiri atoe mchango sawa na mfanyakazi, kama ilivyo katika NSSF na ada ya nyumba. Mchango wa mfanyakazi usipandishwe kwa sababu hiyo.

2. Wakati sheria ikingojwa, kila mapatano mapya kati ya Chama na waajiri yawe na kifungu cha mchango wa tajiri katika matibabu. Wajumbe wetu wasitie sahihi kabla ya kulijadili jambo hili.

3. SHA ilipe hospitali kwa wakati, na kila mwezi itangaze hadharani pesa ilizopokea, ilizolipa na inazodaiwa.

4. Bei za matibabu zinazolipwa na SHA zibandikwe ukutani katika kila hospitali, kwa Kiswahili, karibu na dirisha la malipo, ili mtu ajue lipi limelipiwa na lipi halikulipiwa.

5. Mtambo ukilala, mgonjwa asilale. Atibiwe, aandikwe kwa kalamu, na hesabu zifanywe baadaye.

6. Pesa za zahanati na vituo vya afya zitoke kamili, na dawa za sukari na shinikizo la damu zisikosekane hata mwezi mmoja.

7. Tajiri aliyekata pesa za mfanyakazi asizipeleke, ashtakiwe kama mwizi mwingine yeyote, na gharama ya matibabu ya mfanyakazi huyo ailipe yeye.

8. Mitambo iliyonunuliwa kwa pesa za umma iwe mali ya umma.

NA KAZI YETU SISI

Chama si ofisi tu, ni sisi sote. Madai hayatapatikana kwa kusoma karatasi hii na kuikunja.

Kila mwanachama ahakikishe yeye, mkewe au mumewe, na watoto wake wamejiandikisha. Kwa simu hupigwa *147#. Usingoje siku ya ugonjwa.

Kila mwezi tazama kama mchango wako umefika. Sheria inamtaka tajiri aupeleke si baada ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Tarehe 10 ikipita na hujauona, mwambie mjumbe wako siku hiyo hiyo. Mjumbe akusanye majina, maana mtu mmoja akiuliza huitwa mkorofi, lakini watu arobaini wakiuliza huitwa mkutano.

Ukitozwa pesa hospitali kwa jambo lililolipiwa na bima, dai risiti. Lete nakala yake kwa karani wa tawi. Tukienda kwa waajiri na kwa Wizara tutakwenda na risiti mikononi, wala hatutakwenda na manung'uniko matupu.

Usimwazime mtu kitambulisho chako akatibiwe kwa jina lako, wala usiweke kidole kwa matibabu ambayo hukupata, hata ukipewa pesa za chai. Huwezi kumpigia kelele mwizi wa bilioni huku umeshika mkia wa mbuzi wa jirani.

Na mwisho, kapimeni damu na sukari, hasa nyinyi mliopita miaka arobaini. Kupimwa si kutafuta ugonjwa. Ugonjwa ukiwapo, upo, upimwe usipimwe.

Ndugu, likizo ya mwaka, malipo ya saa za ziada na siku za ugonjwa zenye mshahara ni mambo ambayo waajiri waliyaita hayawezekani, wakasema viwanda vitafungwa. Leo yamo katika sheria, na viwanda vinatoa moshi. Hili nalo litafika, ikiwa hatutachoka kulidai katika kila mkutano, kila tawi, kila mapatano.

Tajiri hufaidika na afya yetu kila siku kuanzia kengele ya asubuhi. Basi na ailipie nusu yake.

Umoja ni nguvu.

Halmashauri ya Chama

Ukisha kusoma, mpe mwenzako.